Betri kubwa au mgongo wa mama mkwe?

Mwezi huu tunaongea magari. Usifunue ukurasa dada yangu, hii siyo ile habari ya wanaume ya kuhesabu nguvu za injini na kubishana nani alimpita nani Mlandizi. Hii ni habari ya mtu na mtu wake. Nimeona ndoa zikitikiswa na mengi katika kazi hii: simu za usiku, mawifi, mshahara usioonekana. Lakini saspensheni? Hiyo ilikuwa mpya kwangu, na kwa jinsi magari ya umeme yanavyoanza kuingia Bongo, nadhani tutaisikia sana.

Kuna wawili ninaowafahamu. Wana miaka sita ya ndoa na mtoto mmoja. Mke ni mkaguzi wa hesabu, mume anafanya kazi za kutoa mizigo bandarini, makazi yao Mbezi, Dar. Mshiko upo, ingawa si wa kufuru. Miaka minne wameweka akiba ili waachane na IST yao (najua, nusu yenu mnaendesha hiyohiyo, na mimi sina la kuwacheka), na safari hii wakaamua kuruka moja kwa moja hadi kwenye umeme. Gari la kifahari, refu kiasi kutoka chini, la mkono wa pili kutoka Uingereza ambako usukani uko kulia kama kwetu. Jina la kampuni naliacha, hakuna aliyetulipa tangazo.

Wakala akawaletea picha za magari mawili, bei karibu sawa. La kwanza lina betri ndogo, ya yuniti 70, lakini limekalia saspensheni ya hewa. La pili lina betri kubwa, ya yuniti 100, na springi za chuma za kawaida. Yote meusi, yote viti vya ngozi, yote yanang'aa. Mke akasema la kwanza. Mume akasema la pili. Wiki tatu zikapita watu wanapeana chumvi mezani bila kutazamana.

Kabla hatujaingia ndani, tuelewane lugha. Ukubwa wa betri ya gari hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo yuniti ileile moja unayonunua kwenye LUKU. Kwa hiyo ukisikia betri ya 70, fikiria mtu amebeba yuniti 70 za LUKU sakafuni mwa gari. Kwa bei ya shilingi 360 hivi kwa yuniti, kodi ikiwemo, kuijaza ni kama shilingi 25,000, na ile ya 100 ni kama 36,000, pamoja na kidogo kinachopotea njiani wakati wa kuchaji. Mwenye gari la petroli akipiga hesabu ya pampu hapo anaweza kuona wivu. Ndiyo maana watu wanavutiwa, sio ujiko tu.

Saspensheni nayo ni kile kinachokaa kati ya matairi na mwili wa gari, kinachokula mashimo kabla hayajafika kwenye kiuno chako. Springi ya chuma ni ileile asubuhi na jioni, ukiwa peke yako au umebeba ukoo mzima. Ya hewa ni mipira minene iliyojazwa upepo na kompresa, na kompyuta inaamua upepo uingie au utoke. Ukiongeza abiria, gari linajinyanyua lisilale. Ukifika penye makorongo unabonyeza, linapanda juu sentimita kadhaa. Si kitu kigeni kwetu. Mabasi mengi mapya ya mikoani unayopandia Msamvu yanakalia hewa, na ndiyo maana siku hizi hata abiria wa siti ya nyuma anapata usingizi.

Wawili wetu hawakuwa wa kwanza kugombana kwa ajili ya karatasi hiyo. Mwaka 2012, Tesla ya Marekani ilipoanza kuwakabidhi wateja gari lake la kifahari, Model S, orodha ilikuwa na mambo hayohayo. Betri ilikuwa ya yuniti 40, 60 au 85, na kila ukipanda ngazi moja unaongeza dola 10,000. Saspensheni ya hewa ni hela nyingine, vinginevyo unapata springi za chuma. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, gari la betri ya 85 lilikwenda kilomita 426 na la 60 kilomita 335. Betri ya 40 ilifutwa mwaka 2013 kwa kukosa wateja, na wachache walioiagiza wakapewa gari lenye betri ya 60 iliyofungwa kwa programu isitumike yote. Watu waliogopa kuzimikiwa njiani, wakakimbilia kubwa hata kama safari zao zote zilikuwa nyumbani, ofisini, na kumpeleka mtoto shule.

La saspensheni ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa maana ya kunifundisha. Model S yenye hewa ilikuwa ikifika mwendo wa barabara kuu inajishusha yenyewe, ili ipasue upepo kirahisi na umeme uende mbali. Unaona hapo? Saspensheni inaisaidia betri. Sasa Oktoba 2013, katika jimbo la Washington, gari moja likapita juu ya chuma kilichodondoka barabarani. Chuma kikatoboa sakafu, na sakafuni ndiko betri inakolala. Moto. Novemba, Tennessee, likawaka jingine kwa namna ileile. Madereva wote wawili walitoka salama. Mwezi huohuo kampuni ikatuma programu mpya kwenye magari yasijishushe vile tena, na Machi 2014 ikaanza kuyawekea bamba la titani chini ya tumbo. Kwa hiyo kimo cha gari la umeme kinalinda kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndani yake. Hiyo ilitokea kwenye barabara kuu za Marekani. Wewe unakwenda Ngerengere.

Na wawili wetu ndiko wanakokwenda, maana mama mzazi wa mke anaishi huko. Ukitoka Dar unapita Kibaha, Chalinze, ukifika Ubena Zomozi unaiacha barabara kuu na kukata kushoto. Wengi wanaijua Ngerengere kwa kambi ya jeshi, na siku hizi kwa stesheni ya SGR: treni ya umeme ya Dar hadi Morogoro ilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, na Ngerengere ni moja ya vituo vyake. Watani watauliza, sasa kwa nini wasipande treni? Wanapanda. Kwa kwenda kusalimia tu, mimi nisingenunua gari lolote. Lakini treni inakuacha stesheni, na kutoka pale hadi kwa mama ni kilomita nne za udongo. Kiangazi ni vumbi na mawimbi kama ubao wa kufulia, masika ni matope na makorongo. Njia hiyo ni ya bodaboda. Na mama, tangu alipoteleza uani mwaka juzi akavunjika nyonga, bodaboda hapandi. Kila mwezi anatakiwa kliniki Morogoro mjini, kama kilomita 60 kwenda na 60 kurudi.

Hapo ndipo mke alipokuwa amesimama. Aliwahi kukaa naye siti ya nyuma ya gari la kukodi akamwona mama yake anauma kitambaa kila wanapopanda rasta. Huwezi kumwambia mtu aliyeona vile kwamba saspensheni ni anasa.

Mume naye alikuwa na hoja zake, tena hazikuwa za kijinga. Alisema springi ya chuma ikikatika, fundi yeyote wa Morogoro anaijua. Mpira wa hewa ukipasuka, unaagiza kutoka nje na kusubiri. Hapo ana haki kabisa. Waulize wenye Range Rover na Discovery za zamani. Unaliegesha gari jioni likiwa wima, asubuhi unalikuta limepiga magoti kama ngamia. Mpira unachoka kwa joto na vumbi, unaanza kuvuja taratibu, kompresa inafanya kazi ya ziada kujaza kisichojaa, nayo inaungua. Kuna mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo tu, kung'oa mipira ya hewa na kufunga springi. Na gari la umeme ni zito. La aina hii linavuka tani mbili, yaani zaidi ya mara mbili ya ile IST, kwa hiyo mipira yake haikai kivivu.

Lakini hoja yake kubwa ilikuwa betri. "Shemeji," akaniambia, "mimi sitaki kufika kijijini kwa watu gari linaomba umeme kama ombaomba. Nataka niende, nisalimie, nirudi. Siku hiyohiyo."

Mimi nikachukua kalamu. Gari zito kama hili, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, tukadirie linakula yuniti 22 kwa kila kilomita 100. Mbezi hadi kwa mama tuseme 150, hiyo ni yuniti 33. Kwenda na kurudi, 66. Na kwa kuwa ni la mkono wa pili, usihesabu namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Betri huchoka kama sisi. Ile ya 70 ipe 63, ile ya 100 ipe 90. Basi kweli, betri ndogo haiendi na kurudi siku moja bila kuchaji, kubwa inakwenda na chenji inabaki. Shemeji akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikamwambia subiri, hatujampeleka mama kliniki. Ongeza zile kilomita 120 za Morogoro. Jumla inakuwa 420, sawa na yuniti 92 na ushee. Betri yake kubwa ina 90. Angezimikiwa na mke na mtoto, nyumbani pakiwa pamekaribia. Kwa ile safari hasa inayofanya gari litakiwe Ngerengere, betri zote mbili zinahitaji kuchaji kwa mama. Na kuchaji kwenye soketi ya kawaida ya ukutani ni kazi ya usiku kucha: yuniti mbili na kidogo kwa saa, usiku mzima unapata kama 25.

Akanyamaza. Akatazama kalamu. Nikamwuliza swali moja tu: kwa nini ni lazima mrudi siku hiyohiyo?

Mpenzi msomaji, lilichukua muda kutoka. Shemeji yangu ni mtu wa Mara. Anasema kwao mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hata kupishana mlangoni ni shughuli, na kumsikia akikohoa usiku ni aibu ya kuhama nayo. Mke wake ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama, mara nyingi na shamba pia. Kwake yeye kulala kwa mama ndiyo kulala kwao, anafika anavua viatu na kuingia jikoni. Miaka sita hawajawahi kuliongea. Kila wanapokwenda, ikifika saa tisa mchana bwana anaanza kutazama saa, mara foleni ya Chalinze, mara kesho kuna meli inaingia, na mke anapanda garini kimoyomoyo akisema mume wangu hawapendi watu wa kwetu. Naye bwana akawa ametafuta betri ya kumrudisha nyumbani kabla ya giza.

Na mke, kumbe, alikuwa na hesabu yake ya kimya. Betri ndogo ilimfurahisha kwa sababu hiyohiyo. "Likiishiwa umeme si tutalala," aliniambia baadaye, bila hata kuona haya. Kila mmoja alikuwa amejificha nyuma ya namba, mmoja ya 70, mwingine ya 100.

Sikumshauri shemeji avunje mila zake. Mtu havui heshima ya kwao getini kama koti. Nilichosema ni kwamba mwenye habari hiyo kwanza ni mkewe, kisha mama, na kwamba wakala wa magari hawezi kuwasaidia. Mke ndiye aliyepiga simu Ngerengere, simu ikiwa kwenye spika, bwana kakaa pembeni kainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hamjambo huko?"

Wakaeleza. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mkwe wangu, mbona hukusema? Mimi mwenyewe ulikuwa ukiondoka saa tisa napumua. Nawaza huyu akilala hapa nitampisha wapi, nitamwamkiaje asubuhi na khanga moja?" Kisha akasema lile banda la uani alilokuwa akiwekea mahindi lina mlango wake na dirisha lake. Mahindi yatahamia stoo. Paa mbalimbali, kila mtu na heshima yake.

Nimewaza sana jinsi banda hilo lilivyobadilisha karatasi ya gari. Kama mnalala, betri kubwa haina kazi tena. Piga hesabu na betri ndogo iliyochoka: unatoka Mbezi na 63, unafika Alhamisi jioni na 30, usiku unaongeza 25, Ijumaa kliniki na kurudi unatumia 26 na kitu, usiku wa pili 25 nyingine, Jumamosi unaondoka na 53 hivi kwa safari ya 33. Inatosha, na hapo ni soketi ya kawaida tu. Ukimwita fundi umeme aliyesajiliwa akavuta waya mnene kutoka kwenye mita hadi bandani, ukafunga chaja ya ukutani ya ampea 32, usiku mmoja unatosha kulijaza. Soketi ya zamani yenye waya mwembamba msiguse, mtamchomea mama nyumba. Na umeme ukikatika usiku, mnajua kabla ya kuondoka, mnasubiri mkiwa mmekaa chini ya mwembe.

Hapo pia ndipo nilipoegemea upande wa mke kuhusu saspensheni, ingawa si kwa sababu zake zote. Betri ndogo unaweza kuisaidia na waya wa Ngerengere. Springi ya chuma huwezi kuigeuza kuwa hewa baadaye, sio kwa hela ya kawaida. Pia kimo. Kwenye zile kilomita nne za mwisho, kuweza kulinyanyua gari wakati wa masika ni kuilinda betri yenyewe. Nikawawekea masharti lakini, kwa sababu shemeji hakukosea kuhusu mafundi.

La kwanza ni hela ya vipuri. Kabla ya kununua zulia la ndani na manukato ya kuning'iniza, tenga bei ya mipira miwili na kompresa moja, ikae benki isiguswe. Kama haipo, chukueni la springi za chuma bila kinyongo. Mke alikubali, na hela hiyo ikatoka kwenye sofa mpya alizokuwa amezipania. Aliumia, niliona.

La pili ni rimu, na hapa nitakaa kidogo maana watu hawaliongei. Magari haya huja na rimu kubwa za kutamanisha, inchi 21 au 22, na tairi jembamba kama mkanda. Kwenye picha yanapendeza. Kwenye shimo, upepo wa tairi ndio mto wa kwanza, na tairi jembamba halina mto. Ukishuka hadi rimu ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa gari hilo na tairi nene, unapata sehemu ya ule ulaini unaodhani ni lazima uununue kwenye saspensheni, na rimu hazipindi ovyo. Mara nyingi hata umeme unaokoa kidogo. Mwenye springi za chuma akifanya hivyo tu, mgongo wa mama tayari umepata nafuu. Nasema hivi ili asiye na bajeti ya hewa asijione kaachwa nyuma.

La tatu ni kulipima gari kabla hela haijatoka. Mwambie anayelikagua kule Uingereza apime kutoka ukingo wa tairi hadi upinde wa bodi, kona zote nne, jioni, kisha asubuhi kabla ya kuliwasha. Kona moja ikiwa imeshuka, kuna mpira unavuja. Alipandishe na kulishusha mara kadhaa asikie kompresa. Alale chini atazame sakafu ya betri kama ina michubuko au mibonyeo. Na atoe taarifa ya afya ya betri, asilimia ngapi imebaki. Hiyo ni bora kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Uliza pia kama betri inapozwa kwa maji. Miaka ya 2012 wenye Nissan Leaf huko Arizona, kwenye joto la jangwa, walilalamika betri zao zinapungua haraka, na Leaf haikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji. Leaf za mkono wa pili kutoka Japani zipo Afrika Mashariki, Nairobi ziliwahi hata kufanya teksi. Si gari baya kwa mjini, lakini kwa joto letu swali la kupoza ni swali la hela.

Baada ya hapo likabaki jambo dogo ambalo naona ndilo lingeleta kasheshe mpya kama lisingesemwa: LUKU ya mama. Nyumba nyingi zenye matumizi madogo ziko kwenye bei nafuu. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, yuniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo ni 350. Mama ana taa, redio na friji dogo, haimalizi 75. Sasa mkwe anakuja na mkoko wake, anachomeka, usiku mbili anakunywa yuniti 50. Bei nafuu ya mama imeliwa na gari la kifahari, yeye anabaki kununua za 350, na ni mtu asiyeweza kumwambia mkwe wake lolote. Kumtumia hela ya LUKU kwa simu ukishaondoka ni vizuri, ila haitibu hilo. Dawa ni kwenda TANESCO kuomba mita ya pili kwa ajili ya banda, kwa jina la hao wawili. Shemeji ndiye aliyelishikia bango hili, wala hakuhitaji kusukumwa. Alisema akiwa na mita yake pale, hata kulala kwenyewe anajiona kama mwenye kiwanja.

Basi gari la hewa limelipiwa na liko melini. Mahindi yameshahamishwa, banda limepakwa chokaa, na dirisha limewekwa wavu wa mbu. Mita bado, fomu zimepelekwa. Mama naye ametuma swali lake kwa bintiye: hilo gari likinyonya umeme usiku linapiga kelele? Maana usingizi wake ni mwepesi, na tangu nyonga ivunjike akiamka harudi tena kulala. Nimeuliza kwa niaba yake. Kuchaji kwenyewe ni mngurumo mdogo wa feni, na kwa soketi ya kawaida huenda asiusikie kabisa. Ila baadhi ya magari yenye saspensheni ya hewa hujisawazisha yenyewe yakiwa yameegeshwa, yanapumua ghafla usiku wa manane kama mtu anayeshusha pumzi nyuma ya ukuta. Nimewaambia waliegeshe upande wa banda, mbali na dirisha la mama, na wamwonye mapema asije akaita majirani.